Mnyororo Ninao Mimi, Klampi Anayo Chacha

Vijana wa pampu pale Migori wamenisumbua niandike. Wanasema, "Fundi, ukienda na hicho kichwa chako, sisi tutauliza nani?" Nimewajibu kwamba siendi popote, nimestaafu tu, na hata hivyo ni mgongo uliostaafu kwanza, mimi nikaufuata. Lakini ni haki yao. Kutoka Sori mpaka Kehancha, ukikuta kisima cha zamani kinatoa maji mpaka leo, uliza nani alishusha bomba. Wakisita, ujue si mimi.

Shule niliacha darasa la sita. Sioni aibu. Mainjinia wenye digrii wamesimama nyuma yangu wameshika karatasi, wakinitazama nikifungua kwa mkono kitu walichosema hakifunguki. Kwa hiyo mkiona makosa ya kuandika, msahihishe kimoyomoyo, mwendelee. Na mkijiuliza kwa nini Mjaluo wa Sori anaandika Kiswahili badala ya Dholuo, ngojeni. Iko sababu.

Nilianza kwa Mzee Okeyo. Huyu alikuwa fundi wa visima vya misheni, mzee mfupi, mkavu, mwenye masikio makubwa ambayo aliyatumia sawasawa. Alikuwa anaweka sikio kwenye bomba, anagonga na spana mara moja, halafu anakwambia maji yako wapi. Sisi tulidhani ni uganga. Baadaye nikajua ni kusikiliza tu, na watu wengi hawawezi kazi hiyo.

Siku moja aliandika vijana wawili. Mmoja ni mimi, nimetoka ziwani kuvuta nyavu, mikono migumu kama makasia. Wa pili alikuwa Chacha, Mkuria wa Kehancha, aliyekuja Migori juu ya lori la tumbaku na akakataa kurudi. Alikuwa mwembamba, mtaratibu, mwenye vidole virefu. Yeye hakujua Dholuo, mimi sikujua Kikuria. Tukaanza na Kiswahili cha sokoni, kile cha "leta", "shika", "wapi spana". Tumekaa na hicho Kiswahili zaidi ya miaka ishirini, kikanenepa na sisi. Ndiyo lugha ya kazi yangu. Ndiyo sababu.

Sasa sikilizeni hii kazi ilivyo, maana siku hizi mnakuja na lori lenye mkono wa kuinua mnadhani kisima ni mchezo. Pampu iko chini, mwisho wa bomba nyingi zilizofungwa moja juu ya nyingine. Ukitaka kuitoa, unasimamisha miguu mitatu ya chuma juu ya kisima, unaning'iniza kapi na mnyororo, unavuta. Bomba moja likishatoka lote, lazima zile zilizobaki zishikwe kabla hujalifungua lile la juu. Zinashikwa na klampi, yaani vyuma viwili vyenye meno vinavyobana bomba pale mdomoni mwa kisima. Mmoja anakaa kwenye mnyororo, mwingine kwenye klampi. Mtu wa klampi akibana, akaijaribu kwa uzito wake mwenyewe, anaita, "Mak!" Hilo ni neno la Dholuo, maana yake shika, imeshikwa. Mtu wa mnyororo halegezi kitu mpaka asikie "mak". Hata nyuki wamvamie. Hata mama mkwe apite.

Mimi nilikuwa mnyororo. Chacha alikuwa klampi. "Mak" ndilo neno la kwanza la Dholuo alilojifunza, na alilisema kama anamfukuza mbuzi.

"Mura," nilikuwa namwambia, kwa sababu ndivyo wao wanavyoitana, "sema polepole, bomba halina masikio."

"Omera, wewe ndiye huna masikio," ananijibu, kwa neno letu Wajaluo la kuitana ndugu. "Kichwa chako kimejaa sifa. Naita mpaka ipenye."

Mwezi wa kwanza nilidondosha spana ndani ya kisima, pale Sori. Mzee Okeyo hakupiga kelele. Alivuta kigoda akakaa, akasema, "Sawa. Tutaondoka nayo." Tulikaa siku mbili. Tulijaribu ndoana za samaki, tukajaribu kitanzi cha waya. Mwisho mimi, mimi mwenyewe wa darasa la sita, nikakumbuka sumaku iliyo ndani ya spika ya redio mbovu. Tuliifunga kwenye kamba, tukashusha, ikang'ata spana ikapanda nayo. Chacha anapenda kusema wazo la sumaku lilikuwa lake. Alichotoa yeye ni redio.

Vyeo na mishahara siandiki. Vilikuja, vikaliwa, vikaisha. Mzee Okeyo alipokaribia kufa alituita wote wawili, akatupa vyombo vyake: miguu mitatu, kapi na mnyororo, na ile klampi yake nzito ya zamani. Alisema neno moja tu. "Hivi vyombo ni vya watu wawili." Mimi nilidhani anatusifu.

Baadaye wakubwa wa dunia wakaja kwenye kilima chetu.

Juu ya Magunga kuna kituo cha afya kidogo, upande wa kuelekea mbuga ya Ruma. Anayekiendesha ni nesi mmoja tunayemwita Sista Akinyi. Mama akienda kujifungua pale alikuwa anaambiwa aje na mtungi wake wa maji, lita ishirini. Fikirieni mwanamke mwenye uchungu, na shemeji yake nyuma amebeba mtungi. Watu wa kilima walikuwa na visima vyao vya kuchimba kwa jembe, vifupi, vya kunywa na kupikia. Walichoomba miaka yote ni kisima kimoja kirefu cha kituo. Kimoja tu.

Mradi wa Wamarekani ukaja na magari meupe, ukachimba. Mimi nikaandikwa kuwa fundi mkuu. Kabla rangi ya bango haijakauka, mradi wa Wachina ukaja na lori la bluu, ukachimba cha pili sokoni, hatua mia mbili kutoka kwetu. Nimezihesabu mwenyewe kwa miguu. Wao wakamwandika Chacha. Tulicheka sana siku hiyo. Tukasema, omera, dunia nzima imekuja kutupigania sisi wawili.

Halafu yakaanza mabango. Sisi tulikuwa na bango la urefu wa mtu. Wao wakaweka la urefu wa mlango. Wa kwetu wakang'oa lile letu, wakaleta la urefu wa ukuta. Mwisho yale mabango yalikuwa makubwa kuliko choo cha shule, na kwa taarifa yenu, choo cha shule hakikuwa na bango wala maji.

Siku ya kuzindua, mkubwa mmoja aliyetoka Nairobi na magari meupe alimvuta chifu pembeni. Mimi nilikuwa nafunga koki, nikasikia kila kitu.

"Chifu, hawa watu wako, wako na nani? Wako na sisi au na wale wa sokoni?"

Chifu alivua kofia, akafikiri. "Mheshimiwa," akasema, "sisi tuko na kiu."

Yule mkubwa alicheka akidhani ni utani.

Kasoro niliiona mimi kwanza. Sawa, tuseme mimi na Chacha. Jioni moja alikuja kwangu na kamba yenye jiwe, akasema, "Omera, kila nikiwasha yangu nasikia yako inalia. Hebu tupime." Akawasha pampu ya sokoni, mimi nikashusha kamba kwangu. Maji yalikuwa yanashuka nikiyaona. Akazima, yakapanda. Vile visima viwili vilikuwa vinanyonya ufa mmoja wa mwamba, kama ndama wawili kwenye chuchu moja.

Dawa yake ilikuwa rahisi, hata mtoto angesema. Asubuhi sisi, jioni wao. Tukakubaliana kila mmoja amwambie bosi wake. Bosi wangu alikuwa injinia kijana, mpole, Mkenya kama sisi, si mtu mbaya. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango wa gari.

"Fundi, nikiandika kwenye ripoti kwamba tunapanga zamu na wale, huko juu nitaeleweka vipi?"

"Utaeleweka kwamba kuna maji," nikamwambia.

"Hujui hawa watu," akasema. "Wewe ongeza bomba. Shusha pampu chini zaidi."

Chacha naye akarudi na jibu lilelile kwa lugha nyingine. Shusha chini zaidi. Tena wote wawili tulipewa amri mpya: fundi wa mradi huu asiguse mashine ya mradi ule, wala asionekane pale. Atakayeonekana ameacha kazi.

Hapa nitasema kitu ambacho hakinipendezi. Nilipoambiwa nishushe, nilifurahi. Nilishusha bomba mbili, na nilishusha vizuri, kwa siku moja, na wasaidizi wa kukodi. Chacha akashusha tatu. Nikashusha nne. Watu wakaanza kutusifu sokoni, kama wanashangilia mpira. "Fundi wa Amerika ni moto!" "Ngoja uone wa China!" Na mimi, kichwa hiki, nikakiacha kifure. Sikuwa tena na Mzee Okeyo wa kuniambia nisikilize bomba. Ningelisikiliza ningesikia visima vifupi vya watu vinakauka, kimoja kimoja, kuanzia vya juu ya kilima kushuka. Akina mama walirudi mtoni karibu na mbuga, kwenye mbung'o na nyati, wakipita katikati ya mabango mawili.

Tuligombana hotelini Magunga, mchana, mbele ya watu wanaokula. Chacha alikuwa anachambua tilapia. Miaka yote hiyo hakuwahi kujua miba, lazima nimsaidie, na siku hiyo sikumsaidia.

"Tuache kushusha, omera," alisema. "Wewe ukiacha, na mimi naacha."

"Anza wewe. Unaogopa nitakushinda?"

"Utanishinda nini? Maji si yako."

"Pampu yangu iko chini kuliko yako. Hiyo ndiyo unaona uchungu."

Alisukuma sahani kando. Kisha akasema taratibu, "Sasa unaongea kama bango."

Watu walicheka. Nilisimama, nikamwambia kwa sauti kama ni hivyo tugawane vyombo vya Mzee, kila mtu afuate watu wake. Alidhani natania. Nikaenda kwenye stoo, nikatoa miguu mitatu na mnyororo wangu. Yeye akachukua klampi. Ile klampi bila mnyororo ni chuma cha kuzuia mlango. Mnyororo bila klampi ni wa kufungia ng'ombe. Tulijua, tukagawana hivyo hivyo. Hakuna ajali duniani nimewahi kuona inayoshinda huo ujinga, na ni wangu.

Siku moja magari meupe hayakuja. Ilisemekana huko kwao mambo yamebadilika, mradi umefungwa. Hakuna aliyetufukuza, hakuna aliyetuaga. Lori lilikuja kuchukua vyombo, likaacha bango kwa sababu lilikuwa zito. Wiki hiyohiyo pampu ya kituo ikaanza kutema mchanga, kisha ikanyamaza. Tulikuwa tumeishusha mpaka kwenye tope.

Sista Akinyi alinipigia. "Fundi, nina akina mama watatu wanaokaribia. Siwezi kuwaambia tena waje na mitungi, hakuna pa kuchotea. Njoo uitoe, uirudishe juu kidogo. Tafadhali."

"Nakuja," nikasema. "Hiyo ni kazi ya asubuhi moja."

Sikuwa na klampi. Nikaenda Migori nikachomelesha yangu, ya vyuma vya lori, na meno nikayakata mwenyewe na tupa. Ilitoka nzuri, inang'aa kuliko ya dukani, niliionyesha kila mtu kwenye karakana. Nilipofika kilimani nikamchukua mlinzi wa kituo anisaidie. Sista akatazama ule mnyororo, akatazama mlinzi, akasema, "Si umwite rafiki yako? Namwona pale kwenye tangi lake."

"Haruhusiwi kugusa mashine yetu."

Ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu. Sababu ni kwamba ningelazimika kumwomba.

Bomba nne zilitoka vizuri. Nikaanza kusimulia, nikimwonyesha mlinzi jinsi fundi anavyosimama. Bomba la tano likatoka. Mlinzi akabana klampi, akasema, "Tayari, mzee." Alikuwa amekaza boliti, ni kweli. Hakuijaribu kwa uzito wake, kwa maana hakuna aliyemfundisha, na aliyepaswa kumfundisha alikuwa anajisifu. Nikalegeza mnyororo, nikafungua lile bomba la juu.

Klampi yangu nzuri ikateleza. Bomba zote zilizobaki zilienda chini na pampu, na waya, na kila kitu. Kuna sauti ambayo fundi wa visima huombea asiisikie. Kwanza ni kama gari moshi linaingia ardhini. Halafu kinakuja kimya, na baada ya kimya mlio mmoja, mbali. Vijana, kisima kikimeza bomba namna hiyo zikajikunja ndani, hakuna sumaku ya redio. Kile kisima kilikufa mikononi mwangu, saa nne asubuhi, Sista amesimama mlangoni ameshika ndoo.

Mlio ulifika sokoni. Chacha alikuja mbio, akafika kwenye uzio wetu, akasimama. Nyuma yake, kwenye lori la bluu, kulikuwa na mtu amekaa anamtazama. Alishika waya za uzio kwa vile vidole vyake virefu. Alitazama mdomo wa kisima, akatazama ile klampi inayong'aa, kisha mimi.

"Umelegeza," akasema. "Nani alisema mak?"

Alingoja, mimi nikageuka nikaanza kukusanya vyombo. Nilipoinua kichwa alikuwa amesharudi.

Mnaweza kudhani wa sokoni walishinda. Kisima chao nacho kilikuwa kimeshushwa mpaka kwenye tope. Mota ikala mchanga, ikafa kabla ya mvua. Kifaa kilitakiwa kitoke kwao. Kwanza kikawa njiani, halafu kikawa kinashughulikiwa, halafu hakuna aliyepokea simu. Mimi naona ni hivi: walikuja kilimani kwa sababu wale wengine walikuwepo. Wale walipoondoka, na wao hawakuwa na haja ya kubaki. Kilima kilihitaji kisima kimoja. Kilipewa viwili. Sasa hakina hata kimoja, na vile vya jembe vilivyokuwepo havijarudi kama zamani.

Mkisikia redioni wanabishana juu ya bandari na reli na minara ya simu, na nchi ndogo inaulizwa iko na nani, mimi najua hiyo habari, nimeshika spana yake. Kwetu Sori viboko wawili wakipigana ufukweni, asubuhi wanakwenda zao kula majani. Aliyetega nyavu pale ndiye anabaki ufukweni na sindano na uzi.

Sikushusha bomba tena baada ya siku ile. Watu nawaambia ni mgongo. Ninaishi Sori, nyumba nzuri ya mawe, niliijenga mwenyewe, na nina sebule ya watu kumi na wawili ninayokaa peke yangu. Mke wangu alitangulia. Watoto wako Nairobi, wananitumia picha za wajukuu. Ule mnyororo uko nyuma ya mlango, naupaka grisi kila mwezi, sijui namwekea nani. Chacha, naambiwa, aliacha kazi ya mradi mwezi uleule, akaenda kwa dada yake ng'ambo ya mpaka, upande wa Tarime. Nambari yake ya simu haipatikani. Kehancha nimekwenda mara mbili. Mara ya pili mama yake alinipa chai na hakuniuliza chochote, na hilo liliniumiza kuliko kutukanwa.

Sasa mwezi huu Sista Akinyi amepiga tena. Chini ya kilima kuna pampu ya mkono, ile ya kwanza kabisa tuliyoweka tukiwa na Mzee Okeyo, kabla ya mabango. Iko mbali na ule ufa, maji yake hayakuguswa. Ilinyamaza kabla magari meupe hayajaja, ikasahaulika; imechoka tu, inataka kuinuliwa na kubadilishwa ngozi za ndani zinazovuta maji. Ni fupi, bomba kumi na moja, nakumbuka kila moja.

"Nahitaji mafundi wawili," Sista alisema. "Wewe na nani?"

Nimemwambia anipe muda. Mtaniambia tuko hapa, Fundi, tuchukue sisi. Najua, na nyinyi ni wazuri, baadhi yenu. Lakini bomba zile zilifungwa na mkono wa mtu mmoja, na nilimkosea mbele ya uzio.

Basi mnaopita Kehancha, na mnaovuka kwenda Tarime kuuza vitu, bebeni hii karatasi. Mtamjua. Mwembamba, anapenda tilapia na hawezi miba. Mwambieni nimekiri sumaku ilikuwa wazo letu wote wawili. Akikataa, mwambieni sawa, ilikuwa lake.

Chacha, mura, nimeandika kwa lugha yetu ili usome mwenyewe. Ile siku uliniuliza swali nikageuka. Hakuna aliyesema. Nililegeza bila kusikia. Sasa niko kwenye mnyororo, mikono yote miwili, na akina mama wanasubiri chini ya kilima. Njoo na klampi ya Mzee.

Safari hii silegezi mpaka useme.